Shangazi, mume wangu hataki kumuacha marehemu mama yake apumzike

Mwanangu barua yako nimeisoma nikairudia. Pole na msiba, mama mkwe ni mama. Pole imeisha hapo, sasa tuongee.

Unasema mama mkwe ana miezi minne tangu azikwe, na mumeo kila usiku anasikiliza voisi za mama yake, simu ya marehemu anaichaji na laini anaiwekea vocha, we ukaona anajiumiza, basi siku yuko safarini ukagawa nguo zote za marehemu "ili kumsaidia asahau". Karudi kakuta kabati tupu, na tangu hapo anakujibu ndiyo na hapana tu. Sasa unaniuliza kama umpeleke kwa daktari wa akili.

Daktari wa nini? Unanitajia zile hatua tano za majonzi ulizosoma mtandaoni, kwamba kwa hesabu zako saa hizi alitakiwa awe kwenye ya mwisho, ya kukubali. Hivi unajua huyo daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross aliyezileta mwaka 1969 alikuwa anaongea na wagonjwa waliokuwa wanakaribia kufa wenyewe? Hakumpangia mumeo ratiba. Hata Shirika la Afya Duniani ili majonzi yaitwe ugonjwa linataka ipite angalau miezi 6 na maisha ya mtu yawe yamevurugika sana, na madaktari wa akili wa Marekani kwa mtu mzima wanataka mwaka mzima. Mumeo anaenda kazini, anakula, anacheza na watoto, umeandika mwenyewe. Huyo amefiwa tu bana.

Tuje kwenye sweta. Umeandika kwamba kati ya nguo zote alilolililia ni sweta moja la kijani "limekatika vifungo na linanuka dawa ya kuchua". Mwanangu, hiyo harufu ndo alikuwa anaitaka! We uliona takataka, yeye anamuona mama yake anajichua magoti asubuhi. Na kama kweli ulikuwa unamsaidia, mbona ulingoja asafiri? Mtu anayefanya wema hachungulii mlango. Mama mkwe umemtaja karibu kila mstari ila hujaandika hata mara moja kwamba unamkumbuka, umeandika alikuwa anaingilia mambo, anauliza sana, anapiga simu asubuhi asubuhi. Alafu katikati hapo ukapitisha harakaharaka kwamba ndiye aliyekulelea mwanao wa kwanza ukaweza kurudi kazini. Mi nadhani mlikuwa na lenu ambalo hamkulimaliza, akafa, na voisi zake zinakukera kwa sababu kila ukizisikia unakumbuka. Asiyekuwepo na lake halipo, ndo maana mi leo nipo upande wake.

Ndoa za siku hizi zina haraka jamani. Mtu akifa tu picha kwenye status, mishumaa, "pumzika kwa amani malkia wetu", wiki ikiisha mwenye msiba anaulizwa mbona bado kanuna. Mnataka mume mwenye moyo laini alafu moyo wenyewe ukilia mnauita tatizo. Aliyemsahau mama yake ndani ya miezi minne wewe atakusahau kwa muda gani, hebu nambie.

Ila kuna sentensi yako moja imenikaa kuliko zote, kwamba tangu afe mawifi na shemeji hawapigi tena, na wawili hawaongei kabisa. Hizo simu za asubuhi zilizokuwa zinakukera ndo zilikuwa kazi yake. Nani anaumwa, nani kanuniana na nani, nani hana ada, zote zilipita kwake na alikuwa anazipoza kabla hazijawaka. Mumeo hajapoteza mama tu, kapoteza njia ya kuwafikia ndugu zake. Na we ndo uko nyumbani kwake, unayo simu.

Kwa hiyo anza na sweta. Mfuate uliyempa, muombe hilo tu, mengine muachie. Likipatikana usilifue! Mpe mumeo na umuombe msamaha bila kuweka neno "lakini" ndani yake. Voisi zote zihamishieni na kwenye kompyuta au emeli, maana simu ikifa zinaenda nayo, na vocha aendelee kuweka, laini isiyotumika kampuni huifunga ikampa mtu mwingine, siku mumeo aipige apokee mgeni. Alafu kesho asubuhi mpigie wifi yako mkubwa, usiwe na sababu, muulize tu kaamkaje. Akikujibu vibaya vumilia, keshokutwa piga tena.

Na kama sweta limeshapotea, mwambie mumeo leo leo, asije akalisikia kwa mtu mwingine.