Upepo wa Makambako, Sola ya Mafinga na Ng'ombe Wawili wa Tukuyu

Maswali mengi ya mwezi huu yametoka vijiji vya kando ya barabara kuu, kuanzia Mafinga hadi Makambako, na mengi yanahusu mitambo ya upepo. Nimeanza na hayo kwa sababu kuna watu wataletewa karatasi za kusaini kabla mahindi hayajatoka shambani. Ya sola na gesi ya samadi yanafuata.

Shikamoo fundi. Kampuni moja imesimamisha mlingoti wa kupimia upepo karibu na shamba la baba, huku Makambako. Wazee wanasema mapanga yakianza kuzunguka yatafukuza mvua na ng'ombe watatupa mimba. Nikiwabishia naambiwa nimehongwa. Niwaeleze nini?

Marahaba mwanangu. Mvua zetu za Novemba hadi Aprili huletwa na ukanda wa mvua unaoshuka kusini kulifuata jua, na mawingu yake hupanda kilomita kadhaa juu ya vichwa vyetu. Mtambo mkubwa, panga likiwa limesimama wima, unafika mita 150, pengine 200. Hauna ubavu wa kuigusa mvua. Na wazee wakitaka kuona kwa macho, hawana haja ya kwenda mbali: Mufindi ipo mitambo mitatu ya kilowati 800 kila mmoja, inazalisha umeme tangu 2020.

Nimewahi kusimama chini ya mtambo wa ukubwa huo jioni ya Agosti. Unasikia vuuu, kimya, vuuu, kimya, kama mtu anayefagia ua kwa fagio la chelewa bila kuchoka. Nilipovuka bonde la pili sikusikia tena mapanga, nilisikia upepo wenyewe kwenye misindano. Lakini nyumba iliyo karibu, usiku wa manane kijiji kimelala, ufagio ule unasikika. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, lilishauri kelele za mitambo ya upepo zisizidi wastani wa desibeli 45. Kuna pia kivuli: jua likiwa chini, asubuhi au jioni, kivuli cha mapanga hupita dirishani na kukatakata mwanga wa chumba. Mambo haya mawili ni ya kweli, na dawa yake ni umbali.

Kwa hiyo usiwacheke wazee. Wamesema mvua kwa sababu mvua ndiyo wanayoijua, na kwa sababu hakuna aliyewaketisha akawauliza lolote kabla mlingoti haujasimama. Mwombe baba aache ubishi wa mvua, aulize mtambo wa kwanza utakaa mita ngapi kutoka mlangoni kwake, na jibu liandikwe.

Mwenyekiti anasema ameshakubali kwa niaba yetu. Hiyo ni sawa?

Hapana. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, haimpi mwenyekiti mamlaka hayo, na haiwapi hata halmashauri ya kijiji wakiwa peke yao. Ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa, jambo linaletwa mbele ya mkutano mkuu wa kijiji. Eneo likiwa chini ya hekta 250, mkutano ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi unapanda kwa Waziri, lakini bado lazima wanakijiji wakae walijadili. Fidia nayo sheria inataka iwe kamili, ya haki na ya mapema.

Nendeni mkutanoni na maswali machache tu ila yenye uzito. Malipo ni ya mara moja au ya kila mwaka? Magari ya kubeba mapanga yakivunja kalavati la kijiji, nani anatengeneza? Miaka ya mradi ikiisha, nani anang'oa vyuma na zege? Tathmini ya athari kwa mazingira iliyopelekwa NEMC, baraza la taifa la mazingira, iko wapi, na nani atatusomea kwa Kiswahili? Anayekuja na nia njema hatachukizwa na maswali hayo. Na msisahau kuuliza kama umeme utawaka kijijini kwenu au utapita juu ya vichwa kwenda gridi ya taifa. Hili la mwisho linaniuma kuliko yote. Nimeona vijiji viko chini kabisa ya nyaya za msongo mkubwa na bado watu wanasomea koroboi.

Ni kweli Kenya wananchi waliufukuza mradi wa upepo?

Ni kweli. Kinangop, Nyandarua, palikuwa na mradi wa megawati 60.8. Wakulima walihofia ardhi, afya na fidia, maelezo yakachelewa, uvumi ukawahi. Mwaka 2015 maandamano yaligharimu maisha ya mtu, na 2016 mradi ukaachwa. Kule Ziwa Turkana mitambo 365 ya megawati 310 ilijengwa na inafanya kazi, lakini Oktoba 2021 mahakama ya Meru iliamua kwamba hati za ardhi yake zilipatikana bila kufuata utaratibu. Upepo ulikuwepo kote kuwili. Kilichokwenda kombo ni mazungumzo na ardhi.

Kila nyumba ikifunga sola yake, mitambo ya upepo ya nini tena?

Ningependa ingekuwa hivyo, ila mashine ya kusaga mahindi haitaki mchezo. Ile ya kijijini ya kilowati 15, viwanda vya mbao vya Mafinga, kiwanda cha chai kinachokausha majani usiku kucha: hao wote huwaendeshi kwa paneli za juu ya bati.

Halafu kuna suala la majira. Umeme wetu mwingi ni wa maji na gesi. Mtera, Kidatu, Kihansi, sasa na Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115, yote yanategemea mito. Kwetu nyanda za juu, mito ikinywea kuanzia Agosti ndipo upepo unapozidi. Ile mitambo ya Mufindi iliwekwa kwa hesabu hiyo hiyo, isaidiane na mtambo wa maji wa Mwenga wa megawati 4: maji yakipungua, upepo unashika. Kwa hiyo mimi siupingi upepo. Ninachopinga ni kuwekewa bila kuulizwa.

Nipo Mafinga, nguzo ya umeme iko jirani. Je, sola itanipunguzia gharama?

Nitakujibu kwa hesabu. Taa 5 za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 125. Televisheni ya wati 40 kwa saa 4 ni 160. Simu nne, 40. Redio, 25. Jumla 350 kwa siku, sawa na uniti kama 10 na nusu kwa mwezi. Nyumba iliyo daraja la D1, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hununua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Ni kama shilingi 1,050. Kwa matumizi hayo sola haitakurudishia pesa yako. Vuta umeme.

Sola ni ya ndugu yako aliye kitongojini, nguzo ziko kilomita nne, anayenunua mafuta ya taa kila wiki. Kwa hesabu ile ile atafute paneli ya wati 150 na betri ya volti 12, ampia-saa 100. Paneli itazame kaskazini, ilale kidogo ili mvua iioshe, na isiguswe na kivuli cha mparachichi hata pembeni, maana kivuli cha kona moja kinaivuta paneli nzima chini. Baridi yetu si adui, paneli hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa haijachemka. Adui ni ukungu wa Juni na Julai, ndiyo maana sikusema wati 100.

Na betri aiheshimu. Juzi niliitwa kuangalia betri ya miezi minane iliyokufa. Niliikuta chini ya meza ya jikoni, vichwa vyake vimeota unga wa kijani na mweupe, waya umefungwa kwa kamba ya mfuko wa mbolea. Kila usiku walitazama televisheni mpaka ikazima yenyewe. Betri ya maji haivumilii hilo: tumia nusu, nusu ibaki. Chaji kontrola, kile kifaa kinachoilinda betri isijazwe kupita kiasi, haikuwepo, fundi aliyefunga alisema si lazima. Ni lazima.

Nina saluni Uyole. Naweza kuendesha draya kwa sola umeme ukikatika?

Dada yangu, draya ya kichwani inakula wati 1,000 au zaidi. Ile nusu ya betri niliyoitaja hapo juu itaisha ndani ya dakika 40, mteja akiwa bado na maji kichwani. Weka sola kwa taa, mashine ya kunyolea na kuchaji simu za wateja. Ukisuka, kazi haitasimama.

Vipi kimtambo kidogo cha upepo cha juu ya nyumba? Njombe upepo hauishi.

Unaousikia na unaofaa ni tofauti. Upepo ukipungua nusu, nguvu inabaki moja ya nane. Nyumba iliyozungukwa na mikaratusi hupata upepo uliovunjikavunjika. Kama una kijito kisichokauka, anza na maji. Watu wa Matembwe na wa Mawengi kule Ludewa wamewasha vijiji vyao kwa mito yao.

Nina ng'ombe wawili wa maziwa wa kufungia ndani, Tukuyu. Gesi ya samadi itanitosha kupika?

Mama, hili ndilo swali lililonifurahisha, kwa sababu nyumba zetu huchoma nguvu nyingi jikoni kuliko kwenye taa, na sola ndogo haipiki. Ng'ombe wawili watakupa kilo 20 hadi 30 za samadi kwa siku. Changanya na maji kwa kiasi sawa, utapata kama mita moja ya ujazo ya gesi, sawa na saa mbili na nusu hivi za jiko moja. Chai, mboga na ugali vinaingia humo. Maharage yaendelee na kuni, au yalowekwe usiku. Mtambo uchimbiwe chini ya ardhi, kwani wadudu wanaotengeneza gesi wanapoa na baridi, na Julai utaona moto umepungua. Tope linalotoka lipeleke kwenye migomba asubuhi, kabla jua halijalikausha.