Mwenye kisukari, pima mkojo kabla figo hazijalalamika

Wengi ninaokutana nao katika foleni ya kliniki ya kisukari hapa Arua, Uganda, wanakijua kiwango cha sukari yao kwa kichwa, lakini ukiwauliza habari za figo watakujibu kwamba mgongo hauwaumi wala miguu haijavimba, kwa hiyo wako salama. Mimi nina kisukari cha aina ya pili kwa miaka mingi sasa, na jibu hilo hunitia wasiwasi, kwa sababu madhara ya sukari ndani ya figo huanza bila maumivu yoyote.

Kila figo ina vichujio vidogo sana vinavyokaribia milioni moja. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu, damu hupita katika vichujio hivyo kwa msukumo uliozidi, kuta za mishipa yake hujeruhiwa, na mwili huita chembe za kinga kana kwamba vijidudu vimeingia. Chembe hizo humwaga kemikali za kupigana, na kwa kuwa sukari yenyewe haiondoki, vita haviishi. Uvimbe huo wa ndani kwa ndani huendelea mpaka nyama laini ya figo inageuka kovu, na kovu halichuji kitu. Presha ikiwa juu, mambo huenda kasi zaidi.

Ishara ya mapema ni protini iitwayo albumini kuvujia kwenye mkojo, kwa kiasi kidogo ambacho macho hayakioni. Ukiambiwa kwamba figo zako ni nzima kwa sababu kreatinini ya damu (taka ya misuli ambayo figo huitoa) ni nzuri, usiondoke hapo, kwani kreatinini inaweza kuonekana ya kawaida hata pale karibu nusu ya uwezo wa figo imekwisha kupotea. Omba kipimo cha mkojo kinacholinganisha albumini na kreatinini: chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ni kawaida, kati ya 30 na 300 ni onyo, na zaidi ya 300 uharibifu umesonga mbele. Mwenye kisukari cha aina ya pili anastahili kupimwa tangu anapogunduliwa, kisha kila mwaka. Peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usipime ukiwa na homa au maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu albumini hupanda kwa muda. Jibu baya moja hurudiwa katika miezi inayofuata kabla halijaitwa ugonjwa. Majibu yangu nayaandika ukurasa wa mwisho wa daftari la kliniki, pamoja na presha ya siku hiyo, maana madaktari hubadilika na kila mmoja huanza upya.

Sasa lipo jambo linalowachanganya watu. Uvimbe huu wa figo hautulizwi na vidonge vya kutuliza uvimbe. Diklofenaki na ibuprofeni hubana mshipa unaoingiza damu kwenye vichujio, na hatari huzidi kwa anayetumia dawa za presha kama enalapril au losartani pamoja na dawa za kukojoza, hasa siku anapoharisha au kutapika. Katika maduka yetu ya dawa ukisema tu "mgongo", vidonge vinahesabiwa na kutiwa katika bahasha ndogo isiyo na jina.

"Dada, hii ni dawa gani?"

"Ya mgongo tu, mzee."

Usikubali jibu hilo. Mwambie aandike jina juu ya bahasha, na uulize kama parasetamoli kwa kipimo sahihi haitatosha. Dawa za mitishamba za chupa, zisizoeleza kilichomo, mimi nimeziweka katika kundi hilohilo.

Enalapril na losartani zenyewe si adui: hupunguza msukumo ndani ya vichujio, na ndiyo maana daktari huzitoa albumini inapoonekana pamoja na presha, ingawa hazimfai mjamzito. Dapagliflozini na empagliflozini, ambazo ni dawa za kisukari, nazo zimethibitika kuchelewesha kuharibika kwa figo. Bei inaweza kuwa kikwazo, lakini kuuliza ni bure.

Kuhusu chakula sina mengi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko cha chai, na humo zihesabiwe chumvi ya vidonge vya mchuzi na ya samaki mkavu. Matoke usiyakimbie kwa hofu ya potasiamu, madini ambayo figo dhaifu hushindwa kuyatoa, isipokuwa kipimo cha damu kimeonyesha yamezidi.

Watu wengi huzisahau fizi. Fizi zinazotoka damu, sawa na kidonda cha mguu kisichopona, huuweka mwili katika hali ya uvimbe na huipandisha sukari, kwa hiyo zitibiwe. Ukifika kwa daktari wa meno, mtajie kisukari na figo kabla hajashika kalamu, kwa sababu dawa ya maumivu atakayoandika huenda ikawa ni ileile diklofenaki.