Sosi tamu-chachu ya ukwaju, kwa wapishi wa Mtwara na Lindi

Wengi wanaoniuliza kuhusu sosi tamu-chachu wanataka kujua nanunua chupa ipi. Sinunui. Ile sosi nyekundu ya kung'aa inayomwagiwa kuku au kamba wa kukaanga asili yake ni Guangdong, kusini mwa China, na ukiichambua utakuta vitu vinne tu: kichachu, kitamu, chumvi, na cha kuifanya iwe nzito. Vyote vipo sokoni Mtwara. Tena kwenye uchachu sisi tuna kitu kinachoishinda siki ya dukani mbali sana, nacho ni ukwaju.

Siki ina tabia ya kukimbia. Ukiichemsha, mvuke wake unakupanda puani mpaka macho yanatoa machozi, na kila dakika inayopita sosi inazidi kupoteza ukali. Ndiyo maana mtu anaonja mwanzoni inamtosha, akija kuipakua imebaki sukari tupu. Asidi ya ukwaju haipotei kwa mvuke. Unachoonja ndicho utakachokula, na juu ya hapo una ladha yake ya matunda ambayo siki nyeupe haina. Anayependa siki atumie, ila aitie mwishoni moto ukiwa mdogo. Ndimu ndiyo kabisa, ikamuliwe sufuria likishaepuliwa, kwa sababu ikichemka harufu yake nzuri inaondoka.

Kununua ukwaju kwenyewe kuna kazi yake. Mama mmoja wa sokoni ndiye aliyenizoesha kuubonyeza kabla ya kuuliza bei. Namwamkia, nauliza kama ni wa msimu huu, naye hajibu moja kwa moja: "Bonyeza, mwanangu. Ukinasa kidoleni, ni wa mwaka huu. Ukiwa mkavu, nauza lakini sikwambii upikie wageni." Mpya una rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, ni laini, na unanukia. Uliokaa sana ni mweusi, na utakupa sosi yenye rangi ya lami hata uongeze nyanya kiasi gani.

Kwa chakula cha watu wanne nachukua ukwaju kama gramu 100, naulowanisha kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji ya moto. Unakaa robo saa hivi, kisha nauvuruga kwa mkono mpaka nyama ya tunda iachane na kokwa, nauchuja kwa chujio la chuma huku nausukuma kwa mwiko. Msiwe na haraka hapa. Uzito mzuri ni ule unaobaki chini ya chujio, kwa nje, ambao watu wanausahau. Ukwangue na kijiko, urudi bakulini.

Sasa sufuria. Haya masufuria yetu ya alumini hayaelewani na ukwaju. Jaribu kuangalia: sufuria lililoingia weusi kwa ndani, ukipikia ukwaju, linatoka linang'aa kama jipya. Huo weusi haukuyeyuka hewani, umeingia kwenye sosi, pamoja na ladha ya chuma. Tumia sufuria la stenlesi, au lile la rangi lililopakwa enameli kama halijabanduka. Hata bakuli la kulowekea liwe la kioo au plastiki.

Kwenye mafuta kidogo kaanga punje tatu za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi vilivyotwangwa, visiungue, vinukie tu. Tia vijiko vikubwa vitatu vya nyanya ya kopo, ikaange mpaka mafuta yaanze kujitenga pembeni. Mwenye nyanya mbichi azisage, lakini akaushe maji yote kwanza, la sivyo atapata mchuzi badala ya sosi. Mimina ukwaju, sukari vijiko vikubwa sita, sosi ya soya kijiko kikubwa kimoja. Pilipili ni hiari ya nyumba. Sukari guru ikipatikana, mimi huweka nusu kwa nusu na nyeupe, inaongeza ladha ingawa rangi inakuwa nzito. Rangi ya chakula ya kuifanya iwe nyekundu sishauri kabisa. Nyanya inatosha, na isipotosha basi.

Chumvi inakuja baada ya soya, kwa sababu soya yenyewe ina chumvi nyingi. Na chumvi ndiyo inayodharauliwa kuliko yote. Mtu anaona sosi haijakaa sawa, anaongeza sukari. Haijakaa, anaongeza ukwaju. Anabaki anapanda na kushuka hivyo mpaka sufuria linajaa, kumbe ilikuwa inadai chumvi kidogo tu. Tamu na chachu bila chumvi vinabaki viwili vinavyovutana.

Kuonja nako kuna namna. Usionje ikiwa inachemka, ulimi ukiungua hausemi kweli. Chota kidogo kwenye kisahani, ipoe, halafu uionje na wali au na kipande cha karoti mbichi. Sosi peke yake lazima ionekane kali kidogo, maana ikishasambaa kwenye mboga na wali nguvu yake inapungua. Ikiwa tamu sawasawa kijikoni, mezani itakuwa imepooza.

Kwa uzito, wengi hununua wanga wa mahindi wa paketi, na ni mzuri. Lakini mtu wa kusini aliyezungukwa na mihogo anunue wanga wa nini? Chukua muhogo mtamu, usiwe ule mchungu. Menya, osha, ukwaruze kwa greta laini. Uvuruge kwenye maji mengi, kisha ukamue kwa kitambaa safi au kwa kifumbu cha kukamulia tui kama nyumbani bado mnacho. Maji yanayotoka ni meupe. Yaache yatulie saa mbili au tatu bila kuyagusa, wanga wote utashuka chini na kushikamana. Mwaga maji ya juu polepole, tia mengine safi, vuruga, uache utulie tena. Ukishamwaga mara ya pili, anika juani kwenye sinia mpaka ukauke kabisa, uuponde, uutie kwenye chupa. Unakaa muda mrefu ukiwa mkavu.

Wifi yangu aliuliza kwa nini asitumie unga wa ugali wa muhogo, si muhogo ni muhogo? Nikamwambia, wifi, unga wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, una nyuzi na una harufu ya kuchachuka, kwenye ugali ndiyo utamu wake, kwenye sosi inageuka uji wa kijivu wenye chenga. Wanga uliochujwa ni kitu kingine, sosi inatoka angavu na inang'aa.

Kijiko kikubwa kimoja cha wanga, vijiko vitatu vya maji baridi. Yasiwe ya moto, wanga utafanya madonge papo hapo. Koroga tena kabla ya kumimina kwa sababu unazama haraka. Mimina kidogo kidogo huku unakoroga. Wa muhogo unashika upesi, ukiuchemsha sana unaanza kuvutika, kwa hiyo ikishakuwa nzito na kung'aa epua. Wa mahindi unataka uchemke dakika moja hivi ili ule ubichi uishe. Wote wawili lakini hawapendi kuchemka muda mrefu pamoja na ukwaju, maana asidi inavunja wanga na sosi inarudi kuwa maji. Hapo watu huongeza wanga mwingine, na mwingine. Ni bora ukwaju na sukari vikolee vizuri kwanza, wanga uwe wa mwisho.

Nanasi ukilipenda, lipikwe. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachokula nyama, kuku uliyemlowesha humo usiku kucha anakuwa teketeke. Moto unakiua. Na kwa wanaouliza kuhusu mabibo, kwa vile wakati wa korosho yanaoza chini ya mikorosho kila mahali: maji yake ni matamu, ila yana ukakasi unaokaza ulimi, na hata ukiyachemsha na chumvi haukwishi wote. Kidogo badala ya nanasi sawa, yawe msingi wa sosi, hapana. Embe bichi, kwa upande mwingine, likisagwa na ukwaju ukapunguzwa, linafanya kazi nzuri sana.

Mpaka hapo sosi iko pembeni. Kazi ya karai ni ya haraka, na jiko la mkaa lililopepewa vizuri linafaa kuliko gesi ya mtungi mdogo. Karai lipate moto kabla ya mafuta. Kamba au ngisi wa Feri, soko la samaki, wakaushwe kwa kitambaa, maji yakiingia karaini hukaangi tena, unachemsha. Usiwajaze wote kwa pamoja. Kamba akibadilika rangi na kuanza kujikunja, mtoe, akijikunja duara kamili umechelewa. Ngisi ama umkaange dakika mbili tu, ama umchemshe taratibu nusu saa na zaidi. Katikati ya hapo hatafuniki. Kisha karoti, baadaye hoho na kitunguu cha vipande vikubwa, vibaki na ukakamavu. Rudisha kamba, mimina sosi ya kupaka tu, isiogeleshe, geuza mara chache, epua.

Juu yake korosho. Tunaishi nazo na bado tunazila na chai tu. Nunua zilizovunjika, ni za bei nafuu na kwenye karai hakuna atakayejua. Zikaange kwa mafuta kidogo, moto wa wastani, na uzitoe zikiwa bado hazijafika rangi unayoitaka, kwa sababu zinaendelea kuiva zikiwa kwenye sahani. Ziingie chakula kikishapakuliwa, zikikaa kwenye sosi zinalainika. Ufuta nao, ambao Lindi na Mtwara tunaupeleka mnadani kwa magunia, ukaushe kwenye karai bila mafuta, uufunike kidogo maana unaruka, uunyunyize mwisho.

Ukitaka kuiweka, iweke kabla ya kutia wanga. Ukwaju, sukari na viungo vilivyopikwa pamoja vikikaa kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa, ndani ya friji, nakula wiki nzima, na siku ya kupika nachukua ninachohitaji nakitia wanga. Sosi iliyokwisha kutiwa wanga wa mahindi ikigandishwa hutoa maji pembeni ikiyeyuka, ya muhogo inavumilia zaidi. Asiye na friji apike ya siku ile. Inayobaki jioni ni ya kuchovyea mihogo ya kukaanga, na kama ni ya kupakia pweza wa kuchoma, kata sukari nusu na uongeze pilipili tangu mwanzo, kwa sababu sukari nyingi kwenye makaa inaungua kabla pweza hajashika moto.