Antena bapa inafuataje satelaiti bila kugeuka?

SWALI: Mimi ni fundi wa madishi hapa Moshi. Nimemfungia mteja antena bapa ya intaneti ya satelaiti. Imetulia tu pale juu ya bati, lakini satelaiti zinapita na mtandao haukatiki. Inafanyaje? Rada za magari nazo ni hivyo hivyo? Naweza kuunda yangu?

JIBU: Fundi, ndani ya ubao ule zimo antena ndogo mamia, zote zikirusha wimbi lile lile, ila kila moja inacheleweshwa kidogo kuliko jirani yake. Upande ambao mawimbi yanafika yakiwa fezi moja, yaani yakipanda na kushuka pamoja, nguvu zinajumlishwa na kuwa mwale; kwingine yanauana. Badili ucheleweshaji, mwale unahama. Kwa gigahezi 30 wimbi lina urefu wa milimita 10, na antena hupangwa kama milimita 5 kutoka moja hadi nyingine. Ukitaka mwale uiname nyuzi 30 kutoka mbele ya ubao, kila antena ipishane na jirani yake kwa nyuzi 90 za fezi, yaani robo ya wimbi. Chipu ndizo zinazofanya kazi hiyo bila kupumzika, maana satelaiti iliyo kilomita 550 juu hukimbia zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde.

Tatizo ni mwale ukiinama sana. Kwenye nyuzi 60 satelaiti inaona nusu tu ya upana wa ubao, nguvu nazo zinapungua nusu. Ongeza mvua ya masika, ambayo mawimbi haya hayaipendi kabisa. Kwa hiyo usikubali mteja akuambie ufunge chini ya mparachichi.

Rada za magari hutumia gigahezi 76 hadi 81. Nyingi haziongozi mwale: zinamulika mbele kwa upana, kisha zinakokotoa pembe kutokana na tofauti za fezi kwenye antena chache za kupokelea. (Waambie wanyoosha bodi wasijaze puti mbele ya rada.)

Kuunda yako? Usianzie gigahezi 30. Bodi ya kawaida ya faibaglasi inameza mawimbi hayo, na kosa la robo milimita tayari linavuruga fezi. Anza na gigahezi 2.4 za Wi-Fi, kwa nguvu ndogo. Masafa mengine waulize TCRA (mamlaka ya mawasiliano Tanzania) kwanza. Panga antena bapa nne kwenye mstari, milimita 62 kati yake, uzilishe kwa waya za koaksi kutoka kwenye kigawanyio kimoja kilichounganishwa na ruta ya Wi-Fi. Waya ambayo wimbi hukimbia kwa theluthi mbili za kasi ya mwanga, irefushe milimita 21 kila unapohamia antena inayofuata. Mwale utainama nyuzi 30 kuelekea upande wenye waya ndefu. Kuhakiki, zungusha ubao polepole huku simu ikisoma nguvu ya Wi-Fi kutoka mita kumi hivi, uwanjani, mbali na mabati.