Aling'atuka au alijiuzulu? Swali kuhusu Cunhal wa Ureno

Swali: "Shikamoo mwalimu. Naandika makala ya historia kuhusu Álvaro Cunhal, yule kiongozi wa Chama cha Kikomunisti cha Ureno. Niliandika hivi: 'Tangu 1961 mpaka 1992 amekuwa Katibu Mkuu wa chama, kisha akang'atuka.' Mhariri wangu kafuta 'akang'atuka' kaweka 'akajiuzulu', anasema kung'atuka ni neno la Nyerere, halifai kwa Mzungu. Nani yuko sahihi?"

Marahaba mwanangu. Kwenye kung'atuka uko sahihi wewe, mhariri hapo kachemka, ila usishangilie mapema maana hiyo "amekuwa" yako nayo ina shida na nitaifikia.

Kweli kung'atuka tulikuzoea kwa Mwalimu, wengi wanasema kalitoa kwao, Kizanaki, na 1985 alipoachia urais neno likaenea nchi nzima. Lakini neno likishazoeleka hivyo halina tena mwenyewe, wala haliulizi pasipoti ya mtu. Cha kuangalia ni mtu kaondokaje. Kujiuzulu ndani yake kuna uzulu, yaani kumtoa mtu kwenye cheo, kwa hiyo anayejiuzulu anajivua cheo mwenyewe, na kwa mazoea yetu anajivua kukiwa kuna moto, iwe kashfa, ugomvi au kelele za bungeni. Februari 2008 Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu kwa sakata la Richmond, hapo ukiandika aling'atuka watu watakucheka. Kung'atuka ni kwa mtu aliyekaa sana, hajasukumwa (au tuseme hajasukumwa hadharani), mrithi yupo tayari, na mara nyingi mzee mwenyewe haendi mbali. Si unakumbuka Nyerere aliachia urais 1985 lakini uenyekiti wa CCM akabaki nao mpaka 1990?

Sasa mweke Cunhal hapo uone. Desemba 1992, ana miaka 79, amekuwa juu ya chama miaka 31, anakabidhi ukatibu mkuu kwa Carlos Carvalhas ambaye alikuwa naibu wake tangu 1990, yaani kaandaliwa kabisa. Na mzee mwenyewe hakwenda kupumzika, chama kikampa kiti cha kuongoza Baraza lake la Kitaifa. Hiyo kama siyo kung'atuka basi sijui kung'atuka ni nini. Najua mhariri wako anaweza kusema, lakini Ukuta wa Berlin ulishaanguka, Urusi ya Kisovieti ilishasambaratika, ndani ya chama kulikuwa na manung'uniko, kwa hiyo shinikizo lilikuwepo. Lilikuwepo ndiyo, ila waliomsukuma ndio waliotoka wao. Zita Seabra, mmoja wa waliotaka mabadiliko, alifukuzwa chamani, na kwake huwezi kuandika alijitoa.

Kwa kweli siasa za Ureno za miaka ile ni darasa zuri la vitenzi hivi, kila mtu katoka kwa mlango wake. Chukua Salazar, dikteta aliyetawala miongo. 1968 alianguka kitini, na hapa sisemi kwa mafumbo, alianguka kutoka kwenye kiti halisi akaumia kichwa, hali ikawa mbaya, Septemba Rais Américo Tomás akamweka Marcelo Caetano badala yake. Salazar akapata nafuu kidogo lakini inasimuliwa kwamba watu wake wa karibu hawakuwa na ubavu wa kumwambia siyo waziri mkuu tena, akafa 1970. Huyo hakujiuzulu wala hakung'atuka, huyo aliuzuliwa, na nafurahi kupata nafasi ya kuandika aliuzuliwa maana siku hizi watu wanaijua kujiuzulu tu wamesahau mzizi wake. Caetano naye tarehe 25 Aprili 1974 wanajeshi walimpindua, huyo aling'olewa. Angalia usichanganye, kung'oka na kung'atuka vinafanana mwanzoni tu.

(Huyu Caetano na Cunhal walikuwa wanajuana zamani. 1940 Cunhal alikuwa kizuizini, akapelekwa chuoni Lisbon chini ya ulinzi wa polisi kutetea tasnifu yake ya sheria, ilihusu utoaji mimba, na kwenye jopo la wasahihishaji alikuwepo Caetano. Wakampa 16 kati ya 20.)

Kuna mahali pengine kwenye makala yako napahofia, umeniambia baadaye unaeleza habari za Peniche, gereza alilofungwa Cunhal. Usiandike "alikimbia gerezani" tu, maana mtu anaweza kukimbia akiwa uwanjani, na usiandike "alitoka gerezani" maana msomaji atadhani kifungo kiliisha. Alitoroka. Alikamatwa 1949, kesi 1950, akakaa ndani karibu miaka 11, mingi kati ya hiyo akiwa peke yake chumbani. Na hapo pia angalia, kabla ya hukumu ni mahabusu, baada ya hukumu ni mfungwa. Halafu tarehe 3 Januari 1960 yeye na wenzake tisa wakatoroka kwenye ile ngome ya Peniche iliyoko kando ya bahari, askari mmoja wa ulinzi alikuwa upande wao, mwingine wakamlewesha kwa dawa, wakashuka ukutani kwa mashuka yaliyofungwa pamoja. Sentensi kama hiyo inataka kitenzi chenye nguvu bana, siyo "alitoka".

Mwaka uliofuata ndipo akawa Katibu Mkuu. Kiti chenyewe kilikuwa wazi tangu 1942 alipokufa Bento Gonçalves kwenye kambi ya Tarrafal, Cape Verde, kwa hiyo ukiandika "alimrithi Gonçalves" weka na hiyo miaka 19 katikati, la sivyo utaonekana umesema walipokezana.

Na serikalini je? Baada ya mapinduzi ya 1974 Cunhal alirudi kutoka uhamishoni tarehe 30 Aprili, siku tano tu baada ya mapinduzi, na Mei akawa waziri asiye na wizara maalum. Hiyo ndiyo namna yetu ya kusema, hata Tanzania tumewahi kuwa nao, usiandike "waziri bila mkoba" kama nilivyoona mahali, mkoba gani? Wengi wanaandika "alijiuzulu uwaziri 1975". Hapana. Julai 1975 wasoshalisti wa Mário Soares ndio waliojitoa serikalini, serikali ikavunjika, Agosti ikaundwa nyingine ambayo Cunhal hakuwemo. Kwake andika "serikali ilipovunjika hakurudi kwenye baraza jipya". Ni ndefu, ndiyo, ila ni kweli.

Haya, sasa "amekuwa". Mtu huyu kafariki Juni 2005 na ukatibu uliisha 1992. "Tangu 1961 amekuwa" ni ya mtu ambaye mpaka leo unaposoma bado yumo, mfano Paulo Raimundo, yeye unaweza kusema tangu Novemba 2022 amekuwa Katibu Mkuu. Ukishaweka "mpaka 1992" umefunga mlango, basi kitenzi nacho kifunge: "alikuwa". Utaniuliza mbona mimi mwenyewe huko juu nimeandika "amekuwa juu ya chama miaka 31"? Ni kwa sababu nilisimulia kama vile tuko Desemba 1992, ona "ana miaka 79", "anakabidhi". Ukichagua kusimulia hivyo, kaa hivyo mpaka mwisho wa tukio.

Aliyemfuata Carvalhas, yaani Jerónimo de Sousa, fundi chuma wa zamani, aliongoza 2004 mpaka 2022 akaachia kwa sababu ya afya. Kwake "aliachia ngazi" inatosha, ni neno la magazeti lakini halina ubaya. "Alibwaga manyanga" hapana, hiyo ina ladha ya mtu aliyechoka akatupa vitu chini.

Mpelekee mhariri hii: "Cunhal alikuwa Katibu Mkuu kuanzia 1961 mpaka 1992, alipong'atuka na kumwachia kiti Carlos Carvalhas." Akiikata tena, muulize Cunhal alijiuzulu kwa kosa gani.