Muulize Mama wa Ramani: Uzamili wa jiografia, kisima cha Newala na treni ya karanga

Toleo lililopita niligusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba nilisoma uzamili wa jiografia nikiwa na miaka 41 na mtoto wa nne akiwa bado ananyonya. Sikujua mstari ule ungeleta barua nyingi kuliko yote niliyoandika kuhusu ada na mitihani. Nimechagua tatu.

Kutoka kwa mwalimu wa sekondari, Tandahimba

*Shikamoo Mama. Nafundisha jiografia na Kiswahili, huu ni mwaka wangu wa saba. Shahada yangu ya ualimu ina GPA ya 3.1. Nataka kusoma uzamili wa jiografia, lakini mkuu wangu wa shule anasema jiografia ni somo la kukariri na uzamili wake ni kukariri zaidi. Tena sina mada. Nimefikiria "Athari za mabadiliko ya tabianchi Tanzania", au kuyeyuka kwa barafu ya Kilimanjaro, maana huku kwetu hakuna cha kutafiti zaidi ya mikorosho. Nianzie wapi?*

Marahaba, mwanangu. Mkuu wako msamehe. Hata mimi nilifundisha hivyo miaka mingi: taja mito mitano, taja bandari tatu, chora ramani ya Afrika uoneshe Ikweta. Ila uzamilini hakuna atakayekuuliza Ruvuma inaanzia wapi. Mimi niliulizwa kwa nini mwanamke wa Newala anakaa juu wakati maji yako chini, na kwa nini hahami.

Hilo ndilo lilikuwa swali la tasnifu yangu, mwaka 2003. Wewe wa Tandahimba unaujua uwanda wa juu wa Makonde, huhitaji kuelezwa: mchanga mtupu, mvua ikinyesha inazama, kisima ukichimba huku juu unachimba mpaka unakata tamaa. Ukisimama Shimo la Mungu pale Newala unaliona bonde la Ruvuma lote, na Msumbiji ng'ambo. Maji unayaona kwa macho. Kuyafikia ni habari nyingine.

Nilikwenda na ramani ya 1:50,000 na rula. Nikapima kutoka kwenye chemchemi hadi nyumba niliyofikia: sentimita tatu, yaani kilomita moja na nusu. Nikaandika daftarini "umbali ni wa wastani". Mwanafunzi wa kidato cha pili angepata alama zote kwa jibu hilo. Mama mwenye nyumba alichungulia daftari, akaniambia, "Kesho tutakwenda wote." Tuliondoka saa kumi alfajiri. Kushuka tulitumia chini ya saa moja. Kupanda, yeye na ndoo ya lita ishirini kichwani, mimi na daftari langu, tulitumia zaidi ya saa mbili, na mara tatu alinisimamia nipumue. Wa kusimamiwa ni mimi, si yeye.

Jioni nikairudia ramani. Kontua, ile mistari inayoonesha mwinuko wa ardhi, zilikuwa zimebanana kama meno ya kitana, dalili ya mteremko mkali, nami nilizipitishia rula juu yake kama vile hazipo. Nimefundisha kontua miaka kumi na tano!

Tangu siku ile niliacha kupima kwa kilomita, nikapima kwa saa. Swali lenyewe likageuka: nani anashuka, anashuka lini, na ni kazi gani inalala wakati yuko njiani. Nilipouliza kwa nini hawahami, wazee walinisimulia uvamizi wa zamani, enzi ambazo kukaa juu kwenye kichaka kinene kulikuwa ndiyo usalama. Wengine walitaja mbu wa bondeni. Bibi mmoja alinionesha makaburi tu, hakusema neno. Hilo sikulikuta kitabuni.

Sasa mada zako. Ile ya kwanza ni ya Umoja wa Mataifa, si ya mtu mmoja mwenye ruhusa ya masomo ya miaka miwili. Barafu ya Kilimanjaro ina watu wanaoipima tangu 1912, wana vifaa, wana wafadhili, na wewe hata sweta huna. Lakini kilichoniuma ni hilo la "huku kwetu hakuna cha kutafiti". Yale majabali ya Masasi unayoyapita ukienda Tunduru, yaliyojitokeza peke yake kwenye tambarare, wanajiografia duniani kote wanayaita inselbergi. Neno hilo alilibuni mwanajiolojia Mjerumani, Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka nchi hii mwishoni mwa karne ya 19 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1900. Inselberg kwa Kijerumani ni mlima-kisiwa. Wanafunzi wa Marekani na Australia wanalisoma neno lililozaliwa kwa kuitazama milima ya aina ile, na wewe unaipita dirishani ukisinzia. Sijataja mifupa ya dinosaria ya Tendaguru iliyochimbwa 1909 hadi 1913 na kupelekwa Berlin, wala gesi ya Mnazi Bay iliyogunduliwa 1982. Na vitabu vinavyowafundisha watoto wetu kwamba pwani ina vuli na masika vinasema habari za Tanga na Dar es Salaam. Sisi tuna msimu mmoja, unaanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili. Umewahi kuwasahihishia?

Basi chukua hiyo hiyo mikorosho unayoidharau. Kwa nini kangomba, yaani kuwauzia walanguzi korosho kwa bei ya chini nje ya mnada, imekita mizizi katika kijiji kimoja na katika kijiji jirani haionekani, wakati wote wanauza kwa mnada ule ule wa stakabadhi ghalani? Ni umbali wa ghala la chama cha msingi? Ni barabara? Ni ada za Januari na mkulima bado hajalipwa? Hapo unalo swali lenye mahali ndani yake, nalo ndilo la kijiografia. Vijiji viwili au vitatu vinakutosha.

Ila usichague kijiji unachofundisha. Najua ni rahisi, nauli hakuna. Lakini watakujibu kama wanavyomjibu mwalimu: watakaa sawasawa na kukupa jibu wanalodhani ni sahihi. Kangomba? "Hapa kwetu haipo, mwalimu." Nenda pasipokuwa na mwanafunzi wako.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka. GPA ya 3.1 inatosha, vyuo vingi huanzia 2.7. Ukitaka kubaki kazini, Chuo Kikuu Huria kina vituo vya mkoa Mtwara na Lindi, kaulize programu za mwaka huu. Ukitaka darasa la ana kwa ana, Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) na Dodoma wanafundisha jiografia. Mara nyingi utasoma kozi kwanza, kisha andiko la utafiti, kisha tasnifu. Kibali chako kitatoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wa Wilaya, halafu Halmashauri, mtendaji wa kata, na wa kijiji. Beba nakala kumi. Usimhoji mtu hata mmoja kabla mtendaji hajaiona ile barua. Mimi nililala siku mbili kwenye benchi la ofisi ya kijiji kwa sababu niliidharau hatua moja.

Na mkabidhi mtu andiko lako alichane mapema. Msimamizi wangu alinirudishia sura ya kwanza mara nne. Kurasa thelathini, na pembeni kwa kalamu nyekundu maneno mawili tu: "Kwa hiyo?" Nilimchukia mwaka mzima. Siku hizi ndiyo maneno ninayowaandikia wengine.

Kutoka kwa kijana mhitimu, Lindi mjini

*Habari za kazi, Mama. Naomba nafasi ya uzamili mwakani. Kila mtu ananiambia bila GIS, yaani kuchora na kuchambua ramani kwa kompyuta, nisiende. Kompyuta yangu ni ya mtumba, RAM ni GB 4, na intaneti ni bando la simu. Nitajifunzaje?*

Kwa hiyo hiyo kompyuta yako. Programu ya QGIS ni ya bure na itakwenda, polepole, kama daladala la kupanda Mnazi Mmoja. Picha za satelaiti za Landsat zipo tangu 1972 na zimekuwa za bure tangu 2008. Za Sentinel-2, zinazoonesha hadi mita 10, zilianza 2015, nazo ni bure. Lakini picha nzima inaweza kukaribia GB moja, kwa hiyo pakua usiku kwa bando la usiku, na chukua bendi unazohitaji tu, yaani zile aina za mwanga ambazo picha imegawanywa. Kwa kuanzia, nyekundu na ile ya infraredi ya karibu, mwanga usioonekana kwa macho, zitakutosha kuona mimea.

Achana na mazoezi ya video yanayotumia miji ya Ulaya. Chukua mdomo wa Mto Lukuledi hapo hapo kwenye ghuba yenu. Tafuta picha ya miaka ya 1990 na ya sasa, zote za kiangazi ili mawingu yasikusumbue, uchore mikoko ilipokuwa na ilipo leo, na mashamba ya chumvi yaliyoingia. Hapa kuna mtego ambao mtoto wa pwani hatakiwi kuingia: angalia maji ya siku ile. Picha iliyopigwa bahari imejaa wakati wa bamvua ukiilinganisha na ya maji mafu, utatangaza mikoko imetoweka kumbe imefunikwa tu. Ukimaliza, panda chombo uvuke Kitunda ukaangalie kwa macho. Ramani isiyotembelewa mimi siisomi.

Mtego wa pili ulinigharimu wiki nzima. Ramani zetu za zamani za 1:50,000 zilichorwa kwa datumu ya Arc 1960; datumu ni msingi ambao namba za mahali huhesabiwa kutoka kwake. Kifaa cha GPS kikitoka dukani kinasoma datumu nyingine, WGS84. Ukichanganya hizo mbili bila kubadilisha, vituo vyako vinahama karibu mita 300. Mimi kisima kimoja kilitua katikati ya msikiti. Nikadhani nimekosea kuandika namba, nikarudi Newala kupima tena, nauli yangu mwenyewe, nikapata namba zile zile. Aliyenigundulia ni fundi wa maabara ya ramani, si profesa. Kwa hiyo kila faili unalofungua, kabla ya yote tazama datumu, na kanda ya UTM, ule mgawanyo wa dunia katika vipande vya ramani. Sisi tuko kanda ya 37 Kusini.

Ukishaimaliza ramani ya mikoko, iambatanishe na maombi yako. Waombaji wengi hueleza kwa aya nzima jinsi wanavyoipenda jiografia.

Kutoka kwa mzee mkulima, Nachingwea

*Bi mwandishi, salamu. Binti yangu amemaliza chuo, sasa anataka kuongeza jiografia tena. Jiografia si alishaisoma? Mimi nataka asome uhasibu. Hiyo jiografia atakula nini? Barua hii ameniandikia mjukuu. Sisi tunakaa huku jirani na relini.*

Shikamoo mzee wangu. Sitakudanganya: uzamili wa jiografia haukuja na gari kwangu, na mshahara ulipanda baada ya muda mrefu kuliko nilivyoahidiwa. Mhasibu huenda akapata kazi mapema. Lakini kazi zipo. Vijiji vinapimwa na kuwekewa mipango ya matumizi ya ardhi. Sensa ya 2022 isingefanyika bila watu wa kutenga maeneo ya kuhesabia kwenye ramani. Na Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinatujia kabla ya kuangukia Msumbiji, kila ofisi hapa Mtwara ilitaka kujua mtaa gani uko chini na watu wakimbilie wapi. Wazee wa Lindi wanaokumbuka kimbunga cha 1952 watakwambia swali hilo si geni.

Halafu mzee, umeandika unakaa "jirani na relini". Wasomaji vijana watashangaa, Nachingwea kuna reli gani? Wewe unajua. Mwaka 1946 Waingereza walituma tume ya watu watatu kuangalia ardhi ya kulima karanga. Wakazunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege, wakasema panafaa. Mradi ukaanza 1947, ukavunjwa 1951, na zaidi ya pauni milioni 30 zikapotea. Kule Kongwa udongo ulikauka ukawa kama tofali, na mvua haikuja kama ilivyoandikwa. Huku kwenu ilijengwa reli kufuata karanga, na bandari ya Mtwara ikajengwa kwa ajili hiyo hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa, likabaki jina. Wahasibu mradi ule ulikuwa nao, tena wengi.

Mruhusu aniandikie mwenyewe, anieleze anataka kuuliza nini, nitamjibu. Na wewe, kama uliwahi kuipanda treni ile au kuiona ikipita, mwambie mjukuu aandike stesheni ilikuwa upande gani wa kijiji, na watu walikuwa wanabeba nini. Nina mwanafunzi anayeichora njia yake yote mpaka Mtwara, na kipande cha kwenu hakioni vizuri kwenye picha za satelaiti kwa sababu ya mikorosho.