Dar es Salaam hadi Mtwara kwa ndege: ni kilomita ngapi, na ni muda gani hasa?

Mleta mada ameuliza ni takwimu ipi iliyo sahihi kati ya kilomita 400 na kilomita 560, na kwa nini tiketi yake ya Dar es Salaam kwenda Mtwara inaonyesha saa moja na dakika tano ilhali ndege atakayopanda ina kasi inayozidi kilomita 600 kwa saa. Takwimu zote mbili ni sahihi: ya kwanza ni ya angani, ya pili ni ya barabarani.

Ukipima kwa mstari ulionyooka kutoka Uwanja wa Julius Nyerere hadi uwanja wetu wa Mtwara, unapata takriban kilomita 398, na sehemu kubwa ya mstari huo inapita baharini. Anayekaa dirishani, wingu likiruhusu, huona maji ya Rufiji yakiingia baharini yakiwa na rangi ya udongo, Mafia ikiwa kushoto kwake, na baadaye Kilwa kulia. Barabara haiwezi kufuata njia hiyo. Inalazimika kupita upande wa bara wa delta ya Rufiji kupitia Kibiti na Daraja la Mkapa, kisha Nangurukuru, na ikishafika Lindi inaizunguka ghuba hadi Mingoyo kabla ya kuelekea Mtwara.

Kuhusu muda, Dash 8 Q400, ile ya pangaboi, hufikia kasi ya takriban kilomita 667 kwa saa, na kwa hesabu ya darasani kilomita 398 zingekwisha kwa dakika 36. Hata hivyo, muda wa kwenye tiketi huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inaposimama kwenye maegesho ya uwanja wa pili, kwa hiyo unajumuisha kusubiri zamu ya kuruka pale Dar, kupanda taratibu, na kupunguza mwendo mapema kwa ajili ya kutua. Wahudumu wenyewe mara nyingi hawajamaliza kukusanya vikombe rubani anapotangaza kuwa tunaanza kushuka. Airbus A220 huenda takriban kilomita 829 kwa saa, lakini kwa njia fupi kama hii tofauti ni dakika saba tu kwenye karatasi, na kiuhalisia hupungua zaidi, kwa hiyo sioni sababu ya kuchagua safari kwa kuangalia aina ya ndege.

Upepo nao una sehemu yake. Ndege hutua ikiukabili upepo. Wakati wa kusi, upepo ukitoka kusini, inayotoka Dar huweza kuingia moja kwa moja, ilhali wakati wa kaskazi, upepo ukitoka kaskazini, hulazimika kuupita uwanja na kugeuka, jambo linaloongeza dakika chache.

Ushauri wangu ni kutenga saa nne kutoka Kariakoo hadi Mtwara mjini, kwa sababu foleni ya Barabara ya Nyerere na kuwahi kaunta hula muda kuliko safari yenyewe. Bado ni nafuu kubwa kuliko basi, linalomaliza siku nzima. Kwa anayekwenda Lindi mjini hesabu ni nyingine: akishashuka Mtwara atarudi nyuma takriban kilomita 105 kwa gari, wakati basi la kutoka Dar lingemfikisha Lindi kwanza. Huyo, kama nauli haitoki ofisini, ningemwambia apande basi, isipokuwa mvua zikiwa kubwa, kwani Mei 2024 mafuriko ya kimbunga Hidaya yaliikata barabara hiyo.